MANIVELA INAYORUDI NYUMA INAVUNJA MUKONO
Namna ya kufunga na kupanga delko ya kamyo ya zamani bila kuumia



Kamyo kubwa zinazobeba mawe ndani ya mugodi zinatumia mazuti. Moteri ya mazuti haina delko wala buji, kwa sababu mafuta yake yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Lakini wako kati yetu wenye kamyo ya zamani ya esansi nyumbani, ya kubeba mahindi, makaa au matofali siku za pumziko. Kamyo hizo hazitengenezwi ndani ya garaji ya kazi. Zinatengenezwa ndani ya lupango, chini ya muti, watoto wakitazama, na hakuna mukubwa wa usalama anayepita.

Ndiyo maana tunataka kusema leo juu ya delko. Ni chombo kidogo, unakibeba kwa mukono mumoja. Lakini ukikipanga vibaya, kinaweza kukuvunja mukono huo huo.

DELKO INAFANYA KAZI GANI?

Umekwisha kuona wanawake wawili wakitwanga ndani ya kinu kimoja. Mumoja anainua, mwenzake anashusha. Kila mumoja anajua saa yake, na unga unapatikana. Mumoja akishusha mbele ya saa yake, miti inagongana na mikono inauma.

Ndani ya moteri ni vile vile. Pistoni inapanda, inabana hewa na esansi. Inapofika karibu na juu, cheche ya buji inapaswa kuwasha. Moto unasukuma pistoni chini, na moteri inazunguka. Delko ndiyo inayosema: sasa ni saa ya silinda hii, sasa ni saa ya ile. Platine zake zinafunguka, bobini inatoa umeme wa nguvu, volti maelfu mengi, na kidole cha delko kinaupeleka kwa buji inayongoja.

Cheche ikichelewa, kamyo haina nguvu, inakula esansi nyingi na moteri inapata joto kupita kiasi. Cheche ikiwahi sana, moteri inagonga kama nyundo, na pistoni zinaweza kutoboka. Na kama unawasha kwa manivela, basi wewe mwenyewe uko ndani ya hatari.

KWA NINI MANIVELA INARUDI NYUMA?

Unapozungusha kwa mukono, moteri inakwenda polepole sana. Cheche ikija wakati pistoni ingali inapanda, moto unaisukuma chini mbele haijafika juu. Moteri inageuka nyuma. Moteri ikizunguka mbele, meno ya manivela yanajitoa yenyewe. Ikizunguka nyuma, meno yanashika. Manivela inarudi na nguvu yote ya moto ule, na hakuna mutu mwenye nguvu za kuizuia.

Madaktari wanajua jambo hili tangu nyakati za motokari za kwanza. Kuna kuvunjika kwa mufupa wa mukono, karibu na kiganja upande wa kidole gumba, ambako waliita «kuvunjika kwa shofere», kwa kuwa mashofere wengi waliumia hivyo kwa manivela.

Hata jina la delko linakumbusha habari hiyo. Delco ni ufupisho wa jina la kampuni ambayo Charles Kettering na Edward Deeds walianzisha mwaka 1909 katika muji wa Dayton, Marekani. Kampuni hiyo ilitengeneza mutambo wa kuwasha buji kwa batri. Kisha ikatengeneza demareri ya umeme, iliyowekwa ndani ya motokari za Cadillac za mwaka 1912. Watu wale wale waliotupa delko walitupa na demareri, mutu asizungushe tena manivela.

Kwa hiyo shika sheria hii mbele ya zote: SIKU ULIYOGUSA DELKO, USIWASHE MOTERI KWA MANIVELA. Tumia demareri. Kama batri imekufa, ipeleke wapate kuijaza, au ngoja kesho.

MBELE YA KUANZA

Simamisha kamyo mahali pa sawasawa. Funga freni ya mukono, toa vitesi, weka mawe au vipande vya muti mbele na nyuma ya magurudumu. Ngoja moteri ipoe. Vua saa na pete: pete ikigusa batri na chuma kwa pamoja, inakuwa nyekundu kwa moto na kukata kidole. Toa uzi wa batri ulioungwa na chuma cha gari. Hakuna sigareti. Usioshe vyombo kwa esansi. Moshi wake hauonekani na unatambaa chini mpaka kufika kwenye mbabula ya mama inayowaka. Watoto wakae mbali.

Sasa tazama vizuri. Andika namba ya kila uzi wa buji. Piga alama kwenye mwili wa delko na kwenye moteri, na alama nyingine mahali kidole cha delko kinapotazama. Kisha toa delko, na usizungushe moteri tena. Ukirudisha kwenye alama zako, kazi imekwisha kuwa nusu.

KAMA ALAMA ZIMEPOTEA

Tuchukue mufano wa moteri ya Chevrolet ya silinda 6 kwa mustari, iliyokuwa ndani ya kamyo nyingi za miaka ya 1950. Silinda ya 1 iko mbele, karibu na radiatere. Silinda zinawaka kwa mufuatano huu: 1-5-3-6-2-4. Moteri nyingine za silinda 6 kwa mustari zinafuata mwendo huo huo, lakini soma kitabu cha moteri yako.

1. Toa buji zote sita. Sasa moteri ni nyepesi na haiwezi kurudisha manivela. Hapa tu unaruhusiwa kuizungusha kwa mukono, na kontakti ikiwa imefungwa.

2. Weka kizibo chepesi cha karatasi kwenye tundu la buji ya 1. Usiingize kidole. Mwenzako azungushe polepole. Kizibo kikiruka, pistoni inapanda na kubana hewa. Endelea pole pole mpaka alama ionekane. Kwenye Chevrolet hiyo, alama ni kipande kidogo cha chuma cha muviringo kwenye gurudumu zito la moteri, unachokiona kwa dirisha dogo la pembeni. Kwenye moteri nyingine alama iko kwenye puli ya mbele. Simamisha hapo.

3. Panga platine. Zungusha mushipi wa delko kwa mukono mpaka kisigino cha platine kikae juu kabisa ya nundu. Nafasi kati ya platine ni karibu milimetri 0,4 kwa moteri nyingi za namna hii; kitabu ndicho kinachosema namba ya kweli. Pima kwa kipande chembamba cha kupimia, si kwa jicho. Fanya jambo hili mbele ya kupanga saa ya cheche, kwani ukibadili nafasi ya platine, saa nayo inabadilika.

4. Shusha delko. Meno yake yamekatwa kwa kupinda, kwa hiyo kidole kinageuka kidogo kinaposhuka. Anza nyuma kidogo, ili mwisho kidole kitazame mahali pa uzi wa silinda ya 1.

5. Delko ikikataa kukaa chini kabisa, USIIPIGE NYUNDO. Kwenye Chevrolet hiyo, ncha ya chini ya delko ndiyo inayozungusha pompi ya mafuta. Kama ncha haikuingia kwenye mufereji wa pompi, delko inabaki juu. Itoe, geuza mufereji kidogo kwa turnavisi ndefu, jaribu tena. Ukiikaza kwa nguvu ikiwa juu, moteri itazunguka bila mafuta, na itaharibika ndani ya dakika chache.

KUPANGA SAA YA CHECHE KWA LAMPI

Kazi hii inataka lampi ndogo yenye nyuzi mbili, ya volti sawa na batri yako, 6 au 12. Toa uzi munene wa bobini kwenye kichwa cha delko, na uufunge vizuri kwenye chuma safi cha moteri, ili cheche isiruke karibu na matundu ya buji yenye esansi. Unga lampi: uzi mumoja kwenye uzi mwembamba wa delko, mwingine kwenye chuma cha gari. Rudisha batri, fungua kontakti.

Legeza kidogo bulo ya kushika delko. Geuza mwili wa delko upande ule ambao kidole kinazunguka (kwenye Chevrolet hiyo, ukitazama toka juu, ni mwendo wa mishale ya saa) mpaka lampi izimike. Sasa rudi kinyume, polepole sana. Mara lampi inapowaka, platine zimefunguka: hapo ndipo cheche inatoka. Simama hapo, kaza bulo, funga kontakti.

Rudisha buji na kichwa. Uzi wa 1 uende pale kidole kinapotazama. Fuata mwendo wa kidole: 5, 3, 6, 2, 4. Ukigeuza nyuzi mbili tu, moteri inaweza kupiga moto ndani ya karburatere na kuunguza uso wa aliyeinama juu yake.

SAA YA KUWASHA

Hesabu vyombo vyako, kisije kubaki juu ya ventilateri. Funga mikono ya shati, usivae kitambaa cha shingo. Mutu mumoja tu akae kwenye kontakti, na asiwashe mpaka umuambie.

Moteri ikiwaka, tazama kwanza saa ya presioni ya mafuta. Isipopanda ndani ya sekunde chache, zima.

Usishike nyuzi za buji moteri ikizunguka. Umeme ule unashtua. Mutu anarusha mukono bila kufikiri, na ventilateri iko pale pale. Kama unatumia lampi ya kumetameta ya kupimia saa ya cheche, jihadhari zaidi: kwa mwanga ule, puli na hata ventilateri zinaweza kuonekana kama zimesimama. HAZIKUSIMAMA.

Usiache moteri izunguke ndani ya nyumba ya kamyo iliyofungwa. Moshi wa esansi una gazi isiyo na harufu wala rangi, oksidi ya kaboni. Ukisikia kichwa kuuma na miguu kulegea, toka nje mara moja. Aliyeanguka ndani usimuendee mbele ya kufungua milango yote.

Kisha jaribu kamyo kwenye mulima ikiwa na muzigo. Ikigonga kwa nguvu, cheche inawahi: geuza delko kidogo sana upande wa mwendo wa kidole. Ikiwa nzito na yenye joto, cheche inachelewa: geuza kinyume. Fanya hivyo moteri ikiwa imezimwa.

UKILAZIMISHWA KUTUMIA MANIVELA SIKU NYINGINE

Weka kidole gumba upande mumoja na vidole vingine, usizungushe gumba kwenye mukono wa manivela. Vuta toka chini kwenda juu, nusu muzunguko tu. Usisukume kwenda chini kwa uzito wa mwili. Ukivuta hivyo, manivela ikirudi inatoka kwenye vidole vyako; ukisukuma, inaupata mukono wako wote. Usimupe mutoto manivela hata siku moja.

KAMA MUKONO UMEUMIA

Wewe mama wa nyumba, sikia vizuri. Usivute mukono, usiukande kwa maji ya moto, usiupeleke kwanza kwa wa kukanda mifupa. Toa pete mbele ya vidole kuvimba. Weka mukono juu ya kibao au kartoni ngumu, funga kwa kitambaa bila kukaza sana, uutundike shingoni. Muende hopitali wapige radio. Mufupa uliovunjika karibu na kiganja unaweza kuonekana kama umeteguka tu. Ukiachwa hivyo unashikana vibaya, na mutu hawezi tena kushika fungulo wala nyundo kama zamani.

Delko mupya inanunuliwa. Platine zinabadilishwa. Mukono wa kuume wa baba wa nyumba hauna dukani.

KUMBUKA:
— Buji zote nje mbele ya kuzungusha moteri kwa mukono.
— Delko isipokaa chini, hakuna nyundo.
— Presioni ya mafuta kwanza, saa ya cheche kisha.
— Siku uliyogusa delko, hakuna manivela.

Kata ukurasa huu, uubandike ndani ya sanduku lako la vyombo.