Alama Zisizosomwa kwa Sauti

Kila aliyepita chuoni anazijua zile alama ndogo zilizo juu ya maneno katika Msahafu: mim ya kusimama, na lam-alif ya kutosimama. Msomaji hazitamki, lakini akizipuuza maana huvurugika. Basi mwenye kuzijua hizo asishtuke akisikia kuwa vijana wa Kitale na Bungoma hivi leo wanajifunza HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao. Nayo ni elimu ya alama zisizosomwa kwa sauti.

Aliyeibuni ni Mwingereza Tim Berners-Lee, alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya CERN, mjini Geneva. Ilitoka hadharani mwaka 1991, na mwaka 1993 CERN ikautoa mtandao huo kwa walimwengu wote bila ya malipo. Ndiyo maana mwanafunzi wa Kitale hadaiwi hata senti kwa kuitumia.

Misingi yake si migumu. Maneno huwekwa baina ya alama mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Aya huanza kwa <p> na kwisha kwa </p>. Kichwa cha habari huanza kwa <h1> na kwisha kwa </h1>. Atazamaye ukurasa hazioni alama hizo, ila huona kazi yake. Mwandishi akisahau kukifunga kichwa, maneno yanayofuata nayo huvimba kama kichwa.

Wala haihitajiwi mashine ya fahari. Programu yoyote ya kuandikia maandishi matupu yatosha, pamoja na kivinjari cha kuyatazamia. Mazoezi hufanyika hata pasipo intaneti, kwani faili hufunguka papo hapo ndani ya kompyuta.

Kitale kuna politekniki ya kitaifa, na Bungoma kuna Chuo Kikuu cha Kibabii. Kote huko masomo ya kompyuta hufundishwa. Nasi watu wa pwani tuna fungu letu katika habari hii, kwani nyaya za baharini zilizoipa Kenya intaneti ya kasi zilitua Mombasa mwaka 2009.

Lakini liko jambo moja ambalo wanafunzi wengi hulipita mbio. Juu kabisa ya ukurasa pana mahali pa kutaja lugha iliyoandikwa. Mifano mingi ya kunakili huja na lang="en", yaani Kiingereza. Mwanafunzi huiacha vivyo hivyo, kisha chini yake akaandika Kiswahili. Mwenye macho haoni kasoro. Ila kipofu anayesomewa na kompyuta huweza kusikia Kiswahili kikitamkwa kwa ulimi wa Kiingereza, asielewe neno.

Dawa yake ni herufi mbili tu: lang="sw". Lubukusu, lugha ya wengi wa Bungoma, nayo ina alama yake, bxk. Na atakaye kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu, huongeza dir="rtl", ukurasa ukaanzia kulia.

Samaki mkunje angali mbichi. Yafaa walimu waifundishe alama hiyo siku ya kwanza, pamoja na ile ya aya. Kwani ukurasa usiotaja lugha yake, kompyuta huubahatishia. Na unaojiita wa Kiingereza, husomwa kwa Kiingereza.