Maoni ya Lamu na mkutano uliokuja mapema mno

Juni 26, 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, Lamu, nchini Kenya. Ulikuwa mradi wa megawati 1,050. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) iliutolea leseni mwaka 2016, na wakazi chini ya mwavuli wa Save Lamu wakaipinga mwaka huohuo.

Si kwamba wananchi hawakuitwa mikutanoni. Waliitwa, lakini kabla ya tathmini ya athari za mazingira kukamilika. Walielezwa mradi juujuu tu, na ripoti ilipokuwa tayari hawakupewa nafasi ya maana ya kuijadili. Hapo ndipo jopo lilipoona kasoro kubwa, na mimi naliunga mkono kwa moyo wote.

Mvuvi akiambiwa kuna mradi unakuja, utaleta umeme na ajira, atajibu nini? Maswali yake yako ndani ya ripoti. Maji ya bahari ya kupozea mitambo yatarudishwa yakiwa na joto kiasi gani? Jivu litarundikwa wapi, na kusi ikivuma litapeperushiwa nani? Mikoko wanamozaliana kaa na kamba itabaki salama? Kumtaka maoni kabla hajapata majibu hayo ni kutafuta sahihi yake kwenye karatasi ya mahudhurio, basi.

Sheria haina utata. Katiba ya 2010, Kifungu cha 10, inataja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kanuni za mazingira za 2003 zinataka matangazo yabandikwe, yasomwe redioni, na ifanyike mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika.

Gharama ya kuchelewa kusikiliza ilionekana katika mradi mwingine wa hapohapo: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa athari za ujenzi wa bandari ya Lamu. Ni haki yao, ila fidia huja uvuvi ukiwa umekwisha kuharibika. Kusikilizwa mapema kungewafaa zaidi.

Kwa hiyo serikali inapoita mkutano, muhtasari wa ripoti uwafikie watu wiki kadhaa kabla, kwa Kiswahili, kwa chifu, msikitini na bandarini wanakoshusha samaki. Na maoni yakishatolewa, ofisi iwajibu kwa maandishi: lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, na kwa sababu gani.