Baridi yabisi: Jina la ugonjwa lisitupumbaze

Majina ya maradhi si maneno matupu. Aghalabu hubeba nadharia nzima ya wale waliotangulia kuyatibu maradhi hayo. Neno letu 'baridi yabisi' lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni baridi na ukavu. Hizo ni sifa mbili kati ya nne ambazo matabibu wa kale wa Kiyunani na Kiarabu walizitumia kueleza maumbile ya mwanadamu.

Wahindi nao wana Ayurveda, yaani elimu ya uhai. Katika Madhava Nidana, kitabu kilichoandikwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, maradhi ya viungo yanayofanana na haya huitwa amavata. 'Ama' ni masalio ya chakula kisichosagika vyema tumboni. 'Vata' ni upepo. Ndiyo maana wafuasi wa elimu hiyo humshauri mgonjwa ale chakula chepesi chenye moto, atumie tangawizi, aepuke usingizi wa mchana, na akandwe kwa mchanga uliopashwa moto na kufungwa kitambaani.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu. Hata hivyo, sioni la kubezwa katika mwenendo huo. Waama, chakula cha kiasi, usingizi mzuri wa usiku na mazoezi mepesi ni mambo ambayo hata daktari wa hospitali huyahimiza.

Tatizo huzuka pale jina linapofanywa kuwa ndilo maelezo ya ugonjwa. Namjua mwalimu mmoja ambaye kila alfajiri vidole vyake vilikakamaa kwa zaidi ya saa nzima. Aliambiwa ni baridi ya maji ya kisima, naye akajipaka mafuta kwa miaka miwili. Leo vidole vimepinda na chaki humponyoka.

Sayansi imebainisha kwamba baridi yabisi ya namna hii, ambayo hushika vidole vya mikono yote miwili na kuwapata wanawake zaidi ya wanaume, hutokea kinga ya mwili inapoushambulia mwili wenyewe. Dawa kama methotrexate, inayotumiwa mara moja kwa wiki chini ya uangalizi wa daktari, yaweza kuvinusuru viungo visiharibike, mradi ianzwe mapema.

Fauka ya hayo, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulichunguza dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani katika eneo la Boston, Marekani. Dawa 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Tangawizi ya jikoni ni jambo moja. Kidonge kisichojulikana kilichomo ni jambo jingine.

Rai yangu kwa walimu na wanafunzi ni hii: tuyaenzi maneno tuliyorithi, lakini tusiyafanye cheti cha daktari. Mwenye viungo vilivyovimba na kukakamaa kwa majuma kadhaa aende hospitalini akapimwe. Chakula chepesi na mchanga wa moto viandamane na dawa, visichukue nafasi yake.