Mchunga Si Kwinini

"Mtaalamu, nifanyeje mchunga wangu uzidi kuwa mchungu?" Msimu huu nimeulizwa hivyo huku Kyela, kuanzia Ipinda na Ngonga hadi Matema, na mwenye kuuliza huwa ana jibu tayari: mchunga mkali ndio unaotibu malaria. Msomaji mwingine alinitumia picha ya maua ya njano ya mchunga akaandika "haradali ya mwitu". Siyo. Ua la haradali lina petali nne zilizokaa kama msalaba. Vunja bua la mchunga: ndani ni tupu, na maziwa meupe yanakuchuruzikia vidoleni. Huyu ni ndugu wa saladi, si wa kabichi.

Sasa huo uchungu. Kwinini ni chungu, mchunga ni mchungu, basi mchunga ni kwinini! Kwa hesabu hiyo nyanya chungu zingeuzwa duka la dawa, na nyongo ya kuku tusingeitupa. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti wa Amerika Kusini. Uchungu wa mchunga ni wa aina nyingine kabisa, kinga ya mmea dhidi ya wanaoutafuna, na sisi tumo. Hapo wajuaji hunitajia pakanga. Ni kweli, kazi ya Tu Youyou wa China juu ya pakanga ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini yeye aliichuja dawa, ikapimwa, ikajulikana mgonjwa ameze kiasi gani. Pakanga hiyohiyo ikichemshwa kama chai, Shirika la Afya Duniani haliikubali kuwa tiba. Sembuse mchunga wa kukadiria kwa kikombe? Na msiniletee habari za maabara. Kuvitikisa vimelea ndani ya kichupa si kumponya mtoto.

Mwambao wetu ni wa joto, mvua na madimbwi, mbu hawatuishi. Malaria inaweza kumfikisha mtoto kwenye hali mbaya ndani ya saa 24. Anayenyweshwa maji ya mchunga asubuhi, jioni akishikwa na degedege, mnasema kuna mkono wa mtu. Homa ikianza, nendeni zahanati mkapime; ikionekana malaria, dawa mseto ipo.

Mnaoupenda kama mboga, nanyi mnajua utamu wake ukiungwa kwa karanga, kateni majani machanga kabla ya maua, mwagilieni kiangazi, chemsheni, mwageni maji ya kwanza. Ukikomaa au ukipata kiu, unakuwa mkali. Kuupanda, mbegu si lazima, kipande cha mzizi kinatosha.

Hicho kipande ndicho kinachowatesa wenye mashamba. Kila jembe linapoukata mzizi, mmoja unazaa mitatu. Chimbeni kwa uma, fuateni mzizi mpaka mwisho, ng'oeni kabla vishada havijapeperusha mbegu, rudieni kila unapochipua. Majani wapeni sungura. Mizizi ianikeni juu ya bati mpaka ivunjike kwa vidole. Ukiitupa mibichi chini ya migomba, kwa mvua za Kyela, utaikuta imesimama.