Minamata: Mji wa Pwani na Sumu ya Zebaki

Minamata ni mji mdogo wa pwani katika mkoa wa Kumamoto, kusini mwa Japani. Mwaka 1956 ulikuwa na wakazi wapatao 50,000. Leo hawafiki 25,000. Wenyeji wengi waliishi kwa uvuvi katika bahari tulivu ya Shiranui. Mwaka 1908 kilijengwa kiwanda cha kampuni iliyokuja kuitwa Chisso, na mji ukakitegemea kwa ajira.

Tangu mwaka 1932 kiwanda hicho kilitengeneza asetaldehidi, ambayo hutumika kutengenezea kemikali nyingine. Kichocheo chake kilikuwa zebaki. Sehemu ya zebaki hiyo iligeuka kuwa methili-zebaki, sumu kali ya mishipa ya fahamu, ikamwagwa baharini pamoja na maji machafu.

Katika maji sumu hiyo ilikuwa haba. Lakini viumbe vidogo mno waliifyonza, samaki wadogo wakawala, na samaki wakubwa wakawala wadogo. Kwa kila hatua sumu ikazidi kukolea. Paka wa wavuvi walianza kuyumba na kufa. Mnamo Mei 1, 1956, Dakta Hajime Hosokawa, wa hospitali ya kiwanda chenyewe, alitoa taarifa ya wagonjwa walioshindwa kutembea na kusema sawasawa.

Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitaja zebaki kuwa chanzo. Mwaka huohuo Hosokawa alimlisha paka maji machafu ya kiwanda, naye akaugua vivyo hivyo. Matokeo hayo hayakutangazwa. Utengenezaji wa asetaldehidi ulikoma mwaka 1968, ndipo serikali nayo ikakiri chanzo cha ugonjwa. Kwa miaka tisa elimu ilikuwapo, na sumu iliendelea kumwagwa.

Wataalamu walikuwa wakiamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto tumboni. Minamata ilithibitisha kinyume chake: watoto walizaliwa na ugonjwa huo, ijapokuwa mama zao hawakuonyesha dalili nzito. Wajapani wana desturi ya kuhifadhi kitovu kilichokauka cha mtoto, na ndani ya vitovu hivyo zebaki ilipimwa.

Kati ya 1977 na 1990 tope la ghuba lilizolewa na kufukiwa, ikapatikana ardhi mpya ya hekta 58 hivi. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo. Unawahusu pia wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakiwemo wa Tanzania, ambao hunasia dhahabu kwa zebaki.