Kupe: Chinsaga inasaidia, lakini peke yake haitaokoa ng'ombe wako

Ukizaliwa Nyamache, chinsaga unaijua kabla hujajua kusoma. Ni mboga chungu, inachemshwa na kutiwa maziwa, na mama akijifungua ndiyo anayopelekewa kwanza. Usichokijua huenda ni hiki: wanasayansi wameichunguza pia kama silaha dhidi ya kupe.

Mwaka wa 1992 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye tawi kule Mbita kando ya Ziwa Victoria, walichapisha matokeo kwamba kupe hukwepa mahali chinsaga imeota. Mwaka wa 1999 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba mafuta yanayokamuliwa kwenye mmea huo humfukuza kupe wa masikio, yule wa rangi ya kahawia. Kwa hiyo nyanya yako akisema majani fulani yanafukuza kupe, usimcheke.

Lakini kabla hujakimbia shambani kuchuma majani ya kumsugua ng'ombe, soma hadi mwisho. Kufukuza kupe ni jambo moja, kuzuia ugonjwa ni jambo lingine.

Adui wako ni nani?

Kupe wa masikio ndiye anayeleta ndigana kali, ugonjwa ambao daktari wa mifugo huuita ECF. Kupe huyu hupanda mnyama mara tatu maishani. Akiwa mchanga hunyonya damu, huanguka, hujibadilisha kwenye nyasi, kisha hupanda tena. Anabeba vimelea kutoka kwa ng'ombe mmoja na kumwachia mwingine. Jike mmoja akishiba hutaga maelfu ya mayai.

Ng'ombe wa gredi, yule wa maziwa mengi, ndiye huumia zaidi kuliko wa kienyeji. Na kwetu huyo mara nyingi ni mmoja tu, amefungwa kando ya majani chai, na maziwa yake ndiyo karo ya mtu. Akifa, si nyama tu imepotea. Kuna mtoto atakayerudishwa nyumbani.

Yanayosaidia

Okota kupe kwa mkono. Kupe aliyeambukizwa huhitaji kunyonya siku kadhaa kabla vimelea havijakomaa na kuingia kwa ng'ombe. Ukimkagua kila siku ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye kiwele, utamwahi. Vaa glavu, tia kupe kwenye mafuta ya taa, usiwatupe chini.

Fuga kuku wa kienyeji. Mwaka wa 1991 watafiti wa icipe walieleza jinsi kuku wanaochokora karibu na ng'ombe wanavyowala kupe kwa wingi. Ila siku umenyunyiza dawa, wafungie, wasije wakala kupe wenye sumu.

Lishia bandani. Ng'ombe anayeletewa nepia hukutana na kupe wachache kuliko anayefungwa kando ya barabara walikopita ng'ombe wa kila mtu.

Alizeti pori, ile ya maua ya manjano iliyojaa kwenye nyua zetu, nayo imepimwa na mafuta yake yakaonekana kufukuza kupe wa masikio. Mwarobaini nao husifiwa sana, lakini ni mti wa joto. Baridi ya huku kwetu haiupendi, na dawa yake hufanya kazi polepole.

Jihadhari na haya

Maji ya tumbaku yanaua kupe, ni kweli. Lakini sumu yake hupenya ngozi, ya ng'ombe na yako pia. Oili chafu ya gari huchoma ngozi na kuharibu maziwa. Utupa una sumu inayoua kupe, na ndiyo hiyohiyo watu walivulia samaki tangu zamani. Ukiuosha kwenye kijito kinachoteremka hadi Mto Gucha, samaki wa watu watakufa.

Pia, mafuta ya maabara si sawa na majani uliyoyaponda kwenye sufuria. Leo yatakuwa makali, kesho mepesi, na mvua ikinyesha yameoshwa. Wakati huo kupe mmoja tu mwenye vimelea anatosha kumuua ng'ombe.

Kazi yako, kijana

Dawa ya agroveti bado ina nafasi yake. Tatizo ni kupunguza kipimo ili chupa idumu. Kupe wanaonusurika huzoea dawa, na mwakani haitawafanya kitu. Soma kibandiko, pima maji, nyunyiza hadi ndani ya masikio.

Kisha kuna chanjo ya ndigana kali, iliyobuniwa Muguga, karibu na Nairobi, miaka ya 1970. Ndama huchanjwa mara moja, na kinga yake hudumu muda mrefu. Huhifadhiwa kwenye baridi kali na hufungwa dozi nyingi pamoja, hivyo kumwita daktari kwa ndama mmoja ni ghali. Hapo ndipo simu yako inafaa. Fungua kundi la WhatsApp, hesabu ndama wa majirani, mchange, mwite daktari siku moja. Ila chanjo hiyo haizuii ndigana baridi wala mkojo mwekundu, kwa hiyo kupe bado utapambana nao.

Ukiona uvimbe chini ya sikio, joto limepita nyuzi 40, ng'ombe hali na anahema kwa shida, acha majani. Piga simu kwa daktari siku hiyohiyo. Dawa ya kutibu ipo, lakini ikichelewa haifai kitu.

Chinsaga panda kuzunguka banda, na nyingine upike. Iwe ua wa kupunguza kupe. Usiifanye daktari.