Mtikisiko wa Usukani katika Gari Kuukuu



Wengi wetu tumewahi kupanda nyuma ya gari la mizigo kutoka Ujiji, Kasulu au Uvinza, lakini ni wachache waliojiuliza kwa nini dereva hushika usukani kwa nguvu kana kwamba anashindana na ng'ombe. Wakati wa likizo mimi humsaidia mjomba wangu, ambaye ni fundi wa magari hapa Kigoma, na ugonjwa huo nimeuona mara nyingi. Nimeona yafaa niueleze, maana gari likishikwa nao watu waliomo wamo hatarini, na mwenye gari asiyejua chanzo chake hutumia fedha nyingi bure.

Magari nitakayoyataja ni Toyota Land Cruiser za kubebea mizigo, za jamii ya 70 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984. Hubeba mapipa ya mawese, magunia ya dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi, chumvi ya Uvinza, na juu ya hayo yote, watu. Magurudumu yake ya mbele yameunganishwa na ekseli moja nzima ya chuma, kwa hiyo gurudumu la kushoto likitikisika, la kulia nalo hupata habari mara moja.

Kwanza natutazame sababu. Mpira wa kipimo cha 7.50-16 una kipenyo cha karibu sentimita 80, na mzingo wake ni karibu mita 2.5. Gari likienda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, gurudumu huzunguka mara 8 katika kila sekunde. Sasa tuseme gramu 100 za tope zimekauka ndani ya ringi, sentimita 20 kutoka katikati. Ukitumia kanuni ya mwendo wa mduara tunayojifunza katika Fizikia, utaona ya kuwa tope hilo dogo huvuta gurudumu kwa nguvu ya nyutoni 50 hivi, sawa na uzito wa kilo 5, tena mara 8 kila sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 36 nguvu hiyo ni robo tu, ndiyo sababu dereva haioni akienda polepole.

Tena, kila kitu chenye uzito na springi kina mpigo wake. Mtoto akiwa juu ya bembea, ukimsukuma kidogo kidogo kwa wakati wake, ataruka juu sana. Gurudumu ni vivyo hivyo. Mpigo wa mzunguko ukilingana na mpigo wa ekseli, mtikisiko hukua. Viungo vikiwa vimekaza, huzimika. Vikiwa vimelegea, hukua mpaka usukani unamponyoka dereva.

Basi mjomba hagusi spana kabla ya kumwuliza dereva maswali. Huniambia, "Mjomba, mgonjwa aulizwe kwanza, dawa baadaye." Swali lake kubwa ni hili: linatikisika wakati gani? Likitikisika katika mwendo fulani tu, kisha likatulia mwendo ukipanda au kushuka, mshuku gurudumu lenyewe. Likitikisika dereva akanyagapo breki tu, mshuku ngoma au disiki za breki. Lakini kama huanza ghafula baada ya kugonga shimo au kuvuka reli, na haliachi mpaka gari likaribie kusimama, basi shuku viungo vilivyolegea. Hili la mwisho ndilo la hatari kuliko yote.

Baada ya hayo, uchunguzi huanza kwa mambo yasiyo na gharama. Tazama ndani ya ringi. Wakati wa mvua tope jekundu hujaa humo, na likikauka huwa kama saruji. Likikwanguliwa na kuoshwa, pengine ugonjwa umekwisha. Pima upepo, uwe sawa kulia na kushoto. Kaza nati zote za magurudumu. Pitisha kiganja juu ya mpira utafute uvimbe, na zungusha gurudumu likiwa juu ya jeki uone kama ringi imepinda. Bado una shaka? Peleka magurudumu ya mbele nyuma, na ya nyuma mbele. Usukani ukitulia na mtikisiko ukahamia kwenye kiti, mwenye kosa ni gurudumu.

Kama mtikisiko umebaki palepale, watahitajiwa watu wawili. Gari likiwa chini kwa magurudumu yake, mmoja aucheze usukani kidogo kulia na kushoto, na mwingine alale chini atazame vyuma vinavyotoka kwenye boksi la usukani mpaka magurudumuni. Kila mwisho wa chuma pana kiungo chenye gololi ndani. Ukiona upande mmoja wa kiungo umesogea kabla ya mwenziwe, kiungo hicho kimekwisha. Tazama pia kama boksi lenyewe linacheza juu ya chasisi, na kama boliti za springi zimekaza. Katika magari ya kuanzia mwaka 1999 springi za mbele ni za koili, na pana chuma kirefu kinachovuka kutoka chasisi hadi ekseli. Bushi zake zikilika, ekseli nzima hucheza kushoto na kulia.

Sasa inua gari kwa jeki, uzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe, na uweke kigogo imara chini ya ekseli, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, kosa ni la beringi za gurudumu au beringi za kingpini, yaani zile mbili, ya juu na ya chini, zinazowezesha gurudumu kugeuka. Utazitenganishaje? Mwambie mwenzio akanyage breki, kisha tikisa tena. Breki hushika gurudumu pamoja na chuma kinacholibeba, viwe kitu kimoja. Ikiwa mchezo umekoma, wenye kosa ni beringi za gurudumu. Ikiwa mchezo ungaliko, ni za kingpini.

Nilipenda sana jaribio hili nilipolielewa, kwa kuwa halihitaji chombo chochote. Gari moja lililoletwa kwetu lilikuwa limekwisha kununuliwa shokapu mpya ya usukani kwa ushauri wa fundi mwingine. Lilitulia majuma mawili tu, kisha likarudia hali yake. Kwa breki na mikono tuligundua kingpini ya kushoto. Tulipoifungua, beringi ya chini ilikuwa na vishimo na kutu, na grisi imekuwa majimaji. Sili ya ndani ilikuwa imekufa, mafuta ya difu yakavujia humo, na sili ya nje iliyochanika ikaingiza maji na tope. Aonaye mafuta meusi yakitiririka nyuma ya gurudumu la mbele asingoje mtikisiko.

Beringi hizo hukazwa kwa vipande vyembamba vya bati, navyo hupunguzwa au kuongezwa mpaka mkazo uwe sawa na ule uliotajwa katika kitabu cha gari. Mkazo hupimwa kwa mizani ya springi, kama ile ya maabara yetu. Tuliporudisha kila kitu, tulipima pia mwelekeo wa magurudumu kwa chaki na utepe.

Naam, kuhusu shokapu ya usukani nataka nieleweke. Kazi yake ni kupunguza mishtuko ya barabara. Si dawa ya kiungo kilichokufa. Huuficha ugonjwa tu, na ugonjwa uliofichwa huendelea kula. Ibadilishwe mwisho, baada ya mengine yote kupimwa.

Mwishowe, dereva afanyeje mtikisiko ukimkuta njiani? Asikanyage breki kwa ghafula, wala asishindane na usukani kwa kuuvuta huku na huku. Aushike imara, aondoe mguu kwenye mafuta, aache mwendo ushuke taratibu, kisha asimame pembeni. Mzigo nao usirundikwe wote nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma, kwa sababu sehemu ya mbele huwa nyepesi na magurudumu yake hayashiki barabara vizuri. Na akiwa na abiria, heri wateremke wangoje gari jingine, hata kama dagaa watachelewa sokoni.